Tendo Lililotangulia Maana: Kumsoma Tena Samba Diallo

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambako vyeti vyetu tulivipata kwa Kifaransa tulikutana na kitabu cha Cheikh Hamidou Kane, L'Aventure ambiguë, tungali wanafunzi. Tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Tuliambiwa, nasi tukaandika, ya kuwa ni hadithi ya Mwafrika aliyegawanyika kati ya bara lake na Ulaya. Tukapata alama zetu, na kitabu tukakirudisha. Mimi sikukifungua tena kwa miaka mingi, mpaka nilipolazimishwa na swali la darasani.

Siku hiyo nilikuwa nikieleza asili ya neno kuhitimu. Niliwaambia wanafunzi kwamba limetoka katika Kiarabu, kwenye maana ya kumaliza na kutia muhuri, na kwamba kabla halijavaa joho la chuo kikuu lilikuwa neno la chuoni, yaani shule ya Kurani: mtoto aliyeisoma Kurani yote tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya mwalimu wake alisemwa kuwa amehitimu, na wazazi wake wakafanya karamu kwa kadiri ya uwezo wao. Binti mmoja akanyosha mkono akauliza kama mtoto huyo alikijua Kiarabu. Nikajibu kwamba aghalabu hakukijua.

"Basi, mwalimu, alihitimu nini?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo, na kengele ilipolia nilishukuru. Jioni ile ndipo nilipomkumbuka Samba Diallo, kwani najua vitabu vichache vya Kiafrika vilivyolitazama swali la binti yule usoni kama kilivyolitazama hiki.

Kitabu kilitolewa Paris mwaka 1961, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo kuu ya fasihi ya Afrika nyeusi. Mwandishi wake alizaliwa Matam, kando ya mto Senegal, mwaka 1928. Alianza kwa kusoma Kurani, akaingia shule ya Wafaransa, kisha akaenda Paris kusomea sheria na falsafa. Njia hiyohiyo ameipitisha mhusika wake, ila mwisho wake ndio tofauti. Mtoto Samba Diallo, wa ukoo wa watawala wa nchi ya Wadiallobé, anakabidhiwa kwa mwalimu mzee Thierno ili ajifunze Kurani, anaondolewa huko apelekwe shule ya kigeni, anahitimu huko pia, anakwenda Ufaransa, anapoteza sala yake, anarudi nyumbani kwa wito wa baba yake, na anauawa kaburini mwa mwalimu wake.

Ukurasa wa kwanza ni wa kipigo. Mtoto ametelezewa na ulimi katika aya, na mwalimu amembana paja, kisha sikio, kucha zikazama katika nyama. Mtoto anajizuia kulia ili sauti isitetemeke, na anairudia aya bila kosa. Mwandishi anatuambia waziwazi kwamba maneno yale mtoto hayaelewi. Anayapata kwa maumivu, hayajui maana, naye anayapenda. Anayapenda kwa uzuri wao wenye giza, na kwa kuwa hayafanani na maneno mengine yoyote aliyopata kuyasikia. Mwalimu naye, huku akimtesa, moyoni anastaajabu kwamba Mungu amemletea mtoto kama huyu.

Sitaki kulipita sikio lile haraka. Wako wahakiki waliolisifu kana kwamba damu ilikuwa sehemu ya malezi. Mwandishi mwenyewe hakufanya hivyo. Amemweka Bibi Mkuu wa kifalme, shangazi yake Samba, aje ayaone majeraha na akasirike, na hasira yake ni ya haki. Sisi tulioshika chaki tunajua jinsi mwalimu anavyoweza kuichukua hofu ya mtoto akaiita heshima. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba nikitetea kisomo cha kabla ya maana nautetea na mkono uliokisimamia.

Shule ile mwandishi ameipa jina ambalo twaweza kulifasiri Meko Yawakayo. Wanafunzi wake huvaa matambara na kuzunguka asubuhi wakiomba chakula kwa jina la Mungu, na katika kuomba huwaimbia wenye nyumba habari za kifo. Samba Diallo ndiye mwimbaji hodari kupita wenzake. Maneno yake yanawatisha watu wazima. Mtoto amevishwa kifo kabla hajayajua maisha, kama alivyovishwa neno kabla hajaijua maana. Chuo cha pwani yetu hakikuwa hivyo. Mtoto wa Lamu au wa Unguja alikwenda na ubao wake akarudi kula kwao. Lakini katika jambo lililo kubwa Meko na chuo ni ndugu. Pote pawili ulimi umetangulizwa mbele ya akili, na mwili mbele ya ulimi: mtoto hukaa, huinama, huyumba na sauti za wenzake, hutamka, kuelewa kumeahirishwa.

Neno kuahirishwa nimelichagua kwa makusudi. Msomi wa kizungu aliyetembelea vyuo alizoea kuandika kwamba watoto hukaririshwa kama kasuku, akafunga daftari. Hakukaa akaona kilichofuata. Chuo kilikuwa hatua ya kwanza. Baada yake, kwa wale walioendelea, kulikuwa na darsa za masheikh, msikitini au barazani: nahau ya Kiarabu, fikihi, kisha tafsiri. Aliyefika hapo aliyakuta maneno aliyoyabeba tangu utotoni yakifunguliwa moja moja. Kwa huyo tafsiri haikuwa habari mpya. Ilikuwa ni kuelezwa kilichokwisha kuwa chake. Katika nchi za Senegal nako ilikuwa hivyo, kisomo kwanza na maelezo baadaye. Utaratibu huu una mantiki yake, lakini una sharti moja kubwa: mwanafunzi asikatizwe njiani.

Samba Diallo alikatizwa. Hapo ndipo naona moyo wa kitabu, na ndipo ninapotofautiana na majibu tuliyoyaandika katika mitihani. Kabla ya kuingia katika maisha mapya, mtoto anawasomea wazazi wake Kurani nzima usiku kucha, kama baba yake alivyomsomea babu, na babu kwa aliyemtangulia. Ni sura nzuri kuliko zote kitabuni. Sauti inayotoka kinywani mwake si yake peke yake. Waliokufa wanasoma ndani yake. Kwa lugha yetu, usiku ule amehitimu. Baada ya usiku ule ilimpasa kwenda kwenye maana, lakini hakuenda kwa Thierno, alikwenda kwa Wafaransa. Ufunguo wa kufungulia maneno akaupewa na watu ambao hawakuwa na habari ya kisanduku. Walimfundisha kuuliza kila kitu, nao walimfundisha vizuri, kwani ni mwanafunzi mwenye kipaji; ila jambo alilolitenda zaidi kuliko yote, yaani kusoma na kusali, hakuna aliyemfundisha kuliuliza kwa namna itakayoliacha hai. Akawa kwanza na tendo lisilo na maana, kisha na maana isiyo na tendo. Wanaosema kwamba Samba Diallo aligawanywa na mabara mawili wamesema kweli, lakini ugonjwa wake una jina lililo karibu zaidi.

Mwandishi hakumtwika Thierno peke yake jambo la kutenda kabla ya kujua. Mtazame Bibi Mkuu. Swali la nchi ni kama watoto wapelekwe katika shule ya wageni. Mkuu wa Wadiallobé, ndugu yake, anasitasita. Anataka kujua kwanza: watakachojifunza kitastahili kile watakachosahau? Thierno anaulizwa, naye anakataa kuamua kwa kuwa hajui. Watu hawa wawili, walio wacha Mungu kuliko wote, wanangoja kuelewa ndipo watende. Bibi Mkuu hangoji. Anawaita watu wote, hata wanawake, kinyume cha desturi, na anawaambia kwamba yeye mwenyewe haipendi shule ile, anaichukia, na ndiko watoto waende. Anawakumbusha wakulima wanavyolichoma shamba kabla ya mvua, na jinsi wanavyoichukua mbegu bora, ambayo wangependa kuila, wakaifukia. Hiyo ni hotuba ya imani. Haina hoja ya kuthibitisha kwamba mbegu itaota. Mwanamke aliyesimama dhidi ya mwalimu wa dini anawataka watu wake watende jambo lililo zito kuliko sala, nao bado hawajalielewa, na yeye mwenyewe bado hajalielewa. Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa kwamba Bibi Mkuu ni sauti ya akili na Thierno ni sauti ya imani. Leo nakisoma kitabu hicho hicho nikaona kinyume chake.

Jambo hili si la Senegal peke yake, wala si la Uislamu peke yake. Majirani zetu wa Buganda katika karne ya 19 waliwaita walioingia dini mpya, Waislamu kwa Wakristo, kwa jina la wasomaji. Kusoma na kuamini vilikuwa neno moja. Katika miaka ya 1870 vijana wa Kiislamu wa ikulu ya Mutesa waliuawa, na miongoni mwa makosa yao ilikuwa ni kukataa nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Elimu yao ya dini ilikuwa changa, lakini nyama ile hawakuila. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadri Weupe, alitaka mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, maana yake Kanisa lenyewe lilitaka kuelewa kutangulie. Mambo hayakungoja. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibatizwa usiku na Charles Lwanga, aliyekuwa mwenzake wa ikulu na si padri, mwishoni mwa Mei 1886. Juni 3 wote wawili walichomwa moto Namugongo. Sidhani yupo atakayesimama mbele ya kaburi la mtoto huyo amwulize alielewa kiasi gani cha katekisimu. Hata hivyo swali la binti wa darasani kwangu linabaki halali, kwa kuwa wengi wetu hatufi katika wiki ya ubatizo wetu. Tunaishi miaka hamsini na tendo lile, na miaka hiyo hudai maelezo.

Samba Diallo angali mwanafunzi wa shule ya kigeni anamsoma Pascal, na baba yake anamkuta na kitabu hicho. Kane hakuchagua kitabu ovyo. Pascal ndiye Mfaransa wa karne ya 17, bingwa wa hesabu, aliyemshauri mtu anayetaka imani asiyoipata aanze kwa kufanya wafanyavyo waumini: atumie maji ya baraka, asomeshe misa, na mengine yatafuata. Kwa hiyo Thierno ana ndugu huko huko Ulaya, na yule anayedhani kwamba Afrika hutenda na Ulaya hufikiri atakuwa hakukisoma kitabu hiki kwa makini. Ila Pascal alikuwa akimwambia mtu mzima aliyekwisha kufikiri mpaka akagonga ukuta. Thierno anamwambia mtoto ambaye hajaanza. Ushauri unafanana na wanaoshauriwa hawafanani. Na Samba, aliyeko Paris, yumo katikati: ana umri wa yule na kumbukumbu za huyu. Ndiyo maana dawa ya Pascal haimfai. Kuinama anajua. Alijua kabla ya kujua kusoma saa.

Na sasa mwisho wa hadithi, ambao tulipokuwa vijana tuliupita mbio kwa kuwa mwalimu alisema ni mgumu. Thierno amekufa. Mrithi wake ni Demba, hasimu wa Samba wa utotoni, mtoto wa wakulima, naye amebadili saa za Meko ili watoto waweze kwenda shule ya kigeni pia. (Mageuzi haya yametajwa kwa sentensi chache tu. Mimi ningetaka sura nzima juu yake, kwa kuwa Demba ndiye mwalimu wa kesho, na ndiye tunayefanana naye sisi.) Mwendawazimu, aliyewahi kuishi Ulaya akarudi na akili iliyovunjika, anamwandama Samba akimwita mwalimu na kumtaka asali kaburini. Samba hasali. Anasimama pale, na ndani ya nafsi yake anaanza kusema na Mungu: kwamba Mungu hawezi kumsahau hivi, kwamba hatakubali kuteseka peke yake kwa kutengwa naye, kwamba hakubali. Neno hilo la mwisho, bila kujitambua, linamtoka kwa sauti. Wakati huo huo Mwendawazimu alikuwa akimtaka aahidi kwamba kesho atasali. Anasikia "sikubali", anainua silaha yake, na giza linaingia.

Tuitazame vizuri ajali hii ya masikio. Neno alilouawa kwalo Samba Diallo lilikuwa limeelekezwa kwa Mungu. Ni malalamiko, lakini Ayubu naye alilalamika. Hapa Samba anazungumza na Mungu kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno aliyopewa, na anajua anachokisema. Maana imefika. Imefika bila rakaa na bila udhu, na mtu aliye mbele yake hana jicho la kuiona kwa kuwa anachokijua yeye ni tendo la nje tu. Thierno alikuwa mzee wa viungo vilivyokataa kuinama. Kusujudu kulimtia uchungu, na aliweza hata kuucheka mwili wake. Alitenda, na alijua kwamba tendo si kitu chote. Mwendawazimu anafanana naye kwa neno, na anamdai kijana sala ile ile, lakini anaidai kwa silaha. Kane ameweka watu hawa wawili kitabuni ili tuone mahali ambapo njia zao zinaachana. Utaratibu wa kutanguliza tendo ukiwa na mwalimu anayengojea maana pamoja na mwanafunzi wake huweza kuzaa usiku ule wa Kurani. Asiyengoja kitu huishia kwenye kisu.

Kitabu kina kasoro zake, na walimu wasiwafiche wanafunzi. Watu wake husema kama watahiniwa wa falsafa, kila mmoja kwa Kifaransa kilekile kilichonyooka. Hutaweza kumtofautisha mkuu na baba wa Samba kwa usemi wao. Vijana wa Paris ni vivuli. Bibi Mkuu akishatoa hotuba yake mwandishi hana tena kazi kubwa ya kumpa. Na njaa ya wale watoto waombaji, ambayo katika nchi hiyohiyo Aminata Sow Fall alikuja kuigusa kwa njia yake katika riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu ombaomba, hapa imepambwa mno. Mtoto mwenye matambara ni wa ukoo wa watawala; ana mahali pa kurudi. Demba hakuwa napo.

Huku kwetu mjadala wa kisomo na maana haukungoja riwaya. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwataka Waislamu waache kubeba wasichokielewa, na aliwaandikia kwa Kiswahili ili wasiwe na udhuru. Kurani yenyewe ilikwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na padri wa misheni, Godfrey Dale, mwaka 1923. Ikafuata tafsiri ya Waahmadiyya mwaka 1953. Na mwaka 1969 ikatolewa kamili ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Yafaa walimu wa Kiswahili tukumbuke kwamba lugha yetu iliitwa katika kazi hii ya kuleta maana iliyokuwa imeahirishwa, na iliweza. Farsy hakuwaambia watu waache kusoma kwa Kiarabu. Aliweka lugha mbili katika ukurasa mmoja, na jicho la msomaji likapewa ruhusa ya kuvuka kutoka upande wa kisomo hadi upande wa maana na kurudi. Samba Diallo hakupewa ukurasa wa namna hiyo. Meko yalikuwa ng'ambo moja na shule ng'ambo nyingine, na baina yake aliwekwa yeye.

Nilirudi darasani na sura ya mwisho niliyokuwa nimeifasiri mwenyewe kwa Kiswahili usiku, kwa haraka na bila ufundi. Niliisoma, kisha nikauliza kama Samba Diallo alisali au hakusali. Nusu ya darasa walisema hakusali, maana hakuinama. Wengine wakasema alisali. Binti aliyeniuliza swali la kwanza alikaa kimya mpaka karibu na kengele, halafu akataka kujua neno "sikubali" kwa Kifaransa lilikuwaje, na kama katika lugha hiyo nayo msikilizaji angeweza kukosea. Nikampa kitabu ajionee.